Makosa ya Watu Wawili

Siku ya udahili, Mtambuzi alipanga waombaji elfu arobaini na moja kabla chai ya Mhandisi Subilaga haijapoa. Na chai ya Tukuyu, kwa baridi ile, haichelewi kupoa.

Mtambuzi hakuwa na mikono wala macho. Alikuwa mtambo uliojaza ukumbi mzima chini ya jengo la utawala la Chuo Kikuu cha Ngosi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kusema nani anafaa kusoma shahada gani. Zamani, wazee husimulia, mtu alidahiliwa kwa alama. Ukiwa na A zako unaingia udaktari. Ukiwa na D unatafutiwa pa kujibanza. Mtambuzi hakubabaishwa na alama. Yeye alisoma makosa. Kila mtoto alivishwa kikuku siku ya kwanza ya darasa la kwanza, kamba ya kijivu isiyozidi unene wa ugwe wa kiatu, nacho kikuku kilirekodi kila zoezi alilofanya: alikwama wapi, alifuta nini, alirudia mara ngapi hadi akapata. Rekodi hiyo iliitwa uzi.

Hoja ya Subilaga, aliyeubuni mtambo huo akiwa na miaka thelathini na sasa alikuwa na hamsini na sita, ilikuwa nyepesi. Majibu sahihi ya watu wote yanafanana, bali kila mtu hukosea kwa namna yake. Ukiyajua makosa ya mtu umejua anavyofikiri, na ukijua anavyofikiri utajua shahada ipi itamkaa na ipi itampwaya. Wenzake walimcheka mwaka mzima. Mwaka wa pili wakaanza kumwita kwenye mikutano.

Wiki ya tatu ya muhula yalikuja maombi ya kuhama shahada. Hapo Mtambuzi alikuwa mkali zaidi. Kwa udahili wa kawaida aliusoma uzi wa siku za shule tu, kuanzia kidato cha tano, lakini kwa anayehama aliurudia wote tangu darasa la kwanza, pamoja na likizo. Sharti hilo Subilaga alilitunga mwenyewe, maana aliwajua wanafunzi: akisikia jirani yake wa bweni anasoma shahada yenye sifa, naye anaitaka, kama mtoto aliyeona mwenzake ana andazi.

Ombi la mia mbili na tisa lilikuwa la Tusajigwe Mwaisaka, mwaka wa tatu wa Udaktari, anayetaka kwenda Uhandisi wa Mvua, ile shahada ya warushaji wa ndege-mvua zinazoswaga mawingu kutoka milimani kuyapeleka mashamba makavu. Mtambuzi alikaa kimya dakika nne. Hajawahi kukaa kimya hata nusu dakika. Kisha akaandika kwenye kioo cha mezani kwa Subilaga: *Siwezi kujibu. Waombaji ni wawili.*

"Wawili wametoka wapi?" Subilaga alimuuliza kwa sauti. Alikuwa na tabia ya kuongea na mtambo wake, na vijana wa ofisini walikwisha kuizoea.

*Makosa ni ya watu wawili,* Mtambuzi aliandika. *Wa kwanza hutembea polepole, hufikiria kabla ya kuandika, husahau hatua ya mwisho. Wa pili huandika jibu kwanza, kisha hurudi nyuma kutafuta njia. Darasa la kwanza hadi la saba ni wa kwanza. Kidato cha kwanza hadi leo ni wa pili. Isipokuwa likizo.*

"Likizo kuna nini?"

*Kila likizo, kwa miaka tisa, wa kwanza hurudi.*

Subilaga aliweka kikombe chini. Mambo ya majina ya kuazima aliyajua, nani asiyeyajua? Ni desturi ya tangu enzi za mababu: mtoto amefaulu, hawezi kwenda, basi nafasi isipotee, anapelekwa mwingine kwa jina lilelile. Sheria ilisema wazi kwamba wakigundulika majina yote mawili yanafungwa, hakuna shule tena kwa yeyote kati yao. Lakini aliyeazimisha jina huwa kaenda zake. Huyu alikuwa anarudi likizo kufanya nini? Jambo hilo lilimwasha Subilaga kama upupu. Kwenye kona ya kioo, saa ya Mtambuzi ilikuwa imeanza kuhesabu. Subilaga asipolitatua ndani ya siku tatu, suala lingejipeleka lenyewe Baraza la Udahili.

Alimwita msichana asubuhi ile ile. Aliingia mrefu, mwembamba, koti jeupe la udaktari limekunjwa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti. Jina lako nani?"

Msichana alikitazama kikuku mkononi mwake. Subilaga alikigeuza kioo, akamwacha ajisomee. Alisoma mara mbili, na alipofika kwenye neno likizo akacheka kidogo, machozi yanamtoka.

"Huyu mtambo wenu mbona mbea hivi?" alisema. "Naitwa Ikupa, mama. Tusajigwe ni dada yangu, mtoto wa baba mkubwa."

Akaeleza. Walimaliza darasa la saba pamoja. Tusajigwe alifaulu vizuri kuliko wote wilayani. Ikupa alifeli. "Sikuumwa, wala sikuonewa, mama. Nilifeli tu, nilikuwa sijaelewa bado." Mwezi uliofuata kichumi, moja ya zile mashine za miguu sita za kuchuma chai, kilikatika breki mteremkoni kikambana Tusajigwe nyonga. Akalazwa hospitali mwaka na nusu. Shule ilisubiri siku kumi na nne tu. Siku ya kumi na tatu bibi yao alimpaka Tusajigwe sabuni ya mche kwenye kifundo cha mkono, akakivuta kikuku, akampaka Ikupa, ambaye chake kilichukuliwa na uzi wake kufutwa alipofeli, akakiingiza.

"Kwa sabuni," Subilaga alisema polepole. Wahandisi kumi na wawili walikuwa wamekesha juu ya usalama wa kikuku kile, na hakuna aliyemfikiria bibi mwenye kipande cha sabuni.

"Na likizo?" akauliza.

"Likizo narudi nyumbani, tunapaka sabuni tena. Namfundisha yote niliyosoma, halafu anavaa yeye na kufanya mazoezi. Nilimwahidi hospitalini. Udaktari ni ndoto yake, mama, si yangu. Mimi damu inanitisha mpaka leo. Mimi naangalia mawingu tu."

"Kwa hiyo miaka mitatu umesoma shahada ya mtu."

"Jina ni lake. Niliona haya kulipeleka pengine. Mwaka huu nimechoka."

Subilaga alimweleza mambo yalivyo, bila kuzungusha. Angeweza kulifuta ombi sasa hivi, akaandika ni hitilafu ya mtambo, na Ikupa angerudi darasani akawa Daktari Tusajigwe Mwaisaka maisha yake yote. Au asubiri Baraza, majina yote mawili yafungwe. Kulikuwa na njia ya tatu, kifungu kidogo kisichowahi kutumiwa na mtu: aliyeazima arudishe kwa hiari, kabla hajashtakiwa. Mwenye jina angepimwa kwa makosa yake mwenyewe, na akikidhi angepewa nafasi. Aliyeazima angeacha vyeti vyote, akaanze pale alipoishia kwa jina lake.

"Mimi niliishia wapi?" Ikupa aliuliza, kisha akajibu mwenyewe. "Nimefeli la saba."

"Ndiyo."

"Nina miaka ishirini na mitatu, mama."

"Najua, mwanangu."

Ikupa aliomba kwanza akamwone dada yake. Subilaga angeweza kumruhusu aende peke yake, lakini udadisi ulimshinda, na kusema kweli aliogopa pia. Mtambo ule ulikuwa mtoto wake, na alitaka kuona umefanya nini kwenye nyumba ya watu.

Walimkuta Tusajigwe barazani akimenya maharage mabichi, fimbo ya kutembelea imeegeshwa ukutani, ubao wa mazoezi wa chuo miguuni. Bibi alikuwa amelala ndani. Subilaga alimsalimu kwa jina. Msichana aligeuka nyuma kuangalia nani anaitwa.

"Samahani, mama," alisema alipogundua. "Hapa hakuna anayeniita hivyo. Bibi alipiga marufuku, wakaguzi wasije wakasikia. Naitwa Dada. Hata wanaonizidi umri wananiita Dada."

"Tangu lini?"

"Miaka tisa. Ndugu yangu huyu ndiye Tusajigwe. Akija likizo na rafiki zake wa chuo, mimi ndiye ndugu wa kijijini."

Alilisema kwa utani, lakini Ikupa aliinamisha kichwa. Subilaga aliona aibu, yeye ambaye hakuwa ameiba kitu. Miaka ishirini na sita alikuwa akijisifu kwamba mtambo wake unamjua kila mtu anavyofikiri. Haukujua kwamba kuna mtu kwao haitwi jina lake.

Alieleza tena zile njia tatu. Maneno yalipoisha, Tusajigwe ndiye aliyewahi.

"Hapana. Andika hitilafu. Huyu atakuwa daktari, mimi nimeshazoea."

"Dada, umezoea nini?" Ikupa alisema. "Wiki iliyopita nilisimama mbele ya mgonjwa akaniambia ahsante daktari, nikatamani kumwambia subiri, mwenyewe yuko nyumbani."

"Na wewe utakwenda wapi? Ukakae dawati moja na watoto wa miaka kumi na miwili? Watakucheka!"

"Wacheke."

"Ikupa, umesoma miaka tisa!"

"Nimesoma, sikusahau. Hivyo vyeti ni vyako. Nilichokielewa kimebaki kwangu."

Tusajigwe alirusha ganda la maharage ukutani, akaanza kulia kwa hasira, kilio cha mtu aliyezuia muda mrefu. "Sikukuomba unirudishie," alisema. "Mtu akishazoea kukosa, unamsumbua bure." Ikupa alikaa karibu naye, akachukua maharage akaanza kumenya naye. Subilaga alitamani kuondoka, akabaki. Baadaye sana Tusajigwe alijipangusa, akanyoosha mkono kuelekea kikuku mkononi mwa Ikupa. Ikupa alikwenda kuchukua sabuni.

Mtambuzi alimpima Tusajigwe siku ya tatu, saa mbili kabla ya muda kwisha. Safari hii hakukaa kimya. *Mwombaji ni mmoja. Anakidhi sifa za Udaktari, mwaka wa kwanza. Husahau hatua ya mwisho, asisitiziwe.* Miaka mitatu ya ndugu yake haikuhesabiwa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kushika mgonjwa. Hakulalamika. Alisimama kwa fimbo yake mbele ya kioo akasoma jina lake kwa sauti, akarudia, kisha akawaambia vijana wa ofisini waliseme na wao. Wakalisema.

"Ndaga fijo," aliwashukuru, kama mtu aliyepewa kitu mkononi.

Sheria ya kuhama Subilaga hakuifuta. Aliongeza mstari mmoja tu kwenye maelekezo ya mtambo: makosa yakionekana ya watu wawili, aulizwe kwanza mtu, siku tatu zihesabiwe baada ya hapo. Mkuu wa chuo alimuuliza kwa nini. Alijibu kwamba mtambo ni mwepesi wa kusoma na mzito wa kuuliza. Mkuu hakuelewa, lakini alisaini.

Septemba, siku ya mtihani wa darasa la saba, Subilaga aliomba ruhusa ya nusu siku. Alikwenda shule ya msingi ya kata, akakaa chumba cha wasimamizi mbele ya kioo kilichounganishwa na Mtambuzi. Kupitia dirishani aliona watoto arobaini na wawili kwenye madawati, na katikati yao mwanamke mzima, magoti yamegota chini ya meza. Mtoto wa pembeni alikuwa amekwisha kumuuliza kama ni mwalimu. Alipoambiwa hapana, alimwazima kifutio.

Mkononi mwa Ikupa kulikuwa na kikuku kipya. Kimefungwa kwa saizi yake, na wahandisi walikuwa wamekijaribu kwa sabuni ya mche ya kila aina. Uzi wake ulikuwa mtupu kabisa. Mtambuzi alikadiria kwamba kwa mwendo wa haraka ungefika Uhandisi wa Mvua baada ya miaka minne, na pengine mitano. Nje, mawingu yalikuwa yakiteremka kutoka Rungwe, ndege-mvua mbili zikiyachunga.

"Andikeni majina yenu," msimamizi alisema.

Vichwa vikainama. Subilaga alimwona Ikupa akiandika haraka, kama alivyoandika kila kitu, jibu kwanza. Halafu kalamu ya risasi ikasimama. Ikupa aliitazama karatasi, akakichukua kifutio alichoazimwa, akafuta kwa muda mrefu, kisha akaandika upya, polepole, herufi moja moja.

Kwenye kioo, uzi mtupu ulipata alama yake ya kwanza. Mtambuzi aliandika: *Kosa la kwanza: jina. Amelisahihisha mwenyewe.*