Ufagio Mlangoni kwa Endel

Endel Laas alikuwa kitandani, kichwa kimepasuliwa kwa chuma cha kuvunjia barafu. Chuma chenyewe kilikuwa sakafuni, kimefutwa vizuri, hakina hata alama ya kidole.

"Muuaji tunaye, afande," alisema Sajenti Raigo. "Tauno, yule mtazama ndege kutoka bara. Jana aligombana na marehemu kwa ajili ya bata bahari. Yuko kwenye boti, nimeshamtia pingu."

Inspekta Maarika Tuisk alikuwa akiutazama ufagio ulioegemezwa mlangoni kwa nje. "Huu nani kauweka?"

"Tumeukuta hivyo hivyo."

Maarika alizaliwa kisiwa cha jirani. Huku watu hawajui kufuli: ufagio ukiegemea mlango, mwenyewe katoka, nawe unarudi ulikotoka. Akashuka gatini.

"Tauno, ukikuta ufagio umeegemea mlango wa mtu, unaelewa nini?"

"Kwamba... alikuwa anafagia?"

"Mfungue huyu, Raigo. Wa mjini kabisa."

Kisiwa kizima kilikuwa na nyumba tatu: ya Endel, kibanda alichopanga Tauno, na ya Helju, mjane wa mvuvi. Maarika akaenda kwa Helju, akakaribishwa mkate mweusi na samaki wa moshi.

"Mama Helju, ufagio uliuweka wa nini?"

Bibi aliendelea kukata mkate. "Mazoea, mwanangu. Mkono ulikwenda wenyewe. Na si alikuwa ameshatoka?"

"Alikukosea nini?"

"Unamkumbuka mwanangu Meelis?"

Maarika alimkumbuka, walisoma pamoja. Bahari ilikuwa imeganda, watu wakivuka juu yake kwa magari; barafu ilimmeza na gari lake, kwenye njia iliyowekewa alama za matawi ya mreteni. Kila mtu alilaumu barafu.

"Meelis alimshtaki Endel kwa kuua sili baharini bila kibali. Jana Endel kalewa mezani hapa, anacheka. Ati matawi aliyahamisha yeye, akayaelekeza penye barafu nyembamba. 'Mchongezi alipata njia yake,' akasema. Nami miaka yote hii nampelekea supu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Maarika alimchukia marehemu, akajionea aibu, maana kazi ni kazi.

"Ulimpiga akiwa usingizini?"

"Afe bila kujua?" Helju aliweka kisu chini. "Nilimwamsha. Nikamwambia, litaje jina la mwanangu. Alipolitaja, nikapiga."