Yowe Kutoka Ngomeni

Mvua ya mawe iliwakuta ndani ya ngome, na ngome yenyewe haikuwa na paa. Walikuwa watatu: Wiston, mwalimu aliyekuja likizo kutoka Mwanza, Priscila mkewe, na Esperansia, dada mkubwa wa Wiston, mjane wa Nyakisasa ambaye kiuno chake kilikuwa kimezoea jembe kuliko matembezi.

Safari ilikuwa ya Wiston. Siku iliyotangulia walikwenda Biharamulo kuliona boma la Wajerumani, ambalo lingali limesimama, wakapiga picha mlangoni. Lakini Wiston hakutosheka. Alitaka ile ngome nyingine, ya juu ya kilima, iliyomezwa na msitu, ambayo baba wa babu yao alichukuliwa kwenda kuibebea mawe asirudi tena. Hakuna aliyeonyeshwa kaburi lake.

Walipanda asubuhi, Wiston mbele na panga, anafyeka njia. Nyuma yake wanawake walikuwa wakichokozana, kama kawaida yao.

"Wifi, ulivyozoea kupanda bajaji huko mjini, kilima hiki kitakutoa ulimi," alisema Esperansia.

"Ulimi wangu nimeuacha nyumbani, wifi. Nilijua wako utatutosha."

Utani, ndiyo, lakini chini yake palikuwa na mwiba. Priscila alikuwa binti wa Ntirampeba, watu waliovuka kutoka Burundi wakati wa vita, na kwa miaka yote ya ndoa ile Esperansia hakuwahi kumwita jina lake mbele za watu. Alisema "yule wa Ntirampeba," basi, kama mtu anayetaja mbuzi wa jirani.

Mawe yalipoanza kudondoka, meupe na makubwa kama kokwa za parachichi, radi ikapasua mti upande wa bonde. Shuleni wote walifundishwa: radi ikipiga, usijikinge chini ya mti. Kwa hiyo waliuacha mkuyu mkubwa uliokuwa umekumbatia kona ya ngome, wakakimbilia ukuta. Lakini ukuta ule ulijengwa kwa mawe na udongo, na mizizi ya mkuyu ilikuwa imeupasua ndani kwa ndani miaka mingi. Udongo ukanywa maji. Esperansia alisikia kama mtu anayekohoa mgongoni pake, akageuka, akaona jiwe la juu linainama polepole. Aliruka. Priscila naye aliruka. Wiston aliwahi kuinua mkono tu.

Waliondoa mawe moja moja huku barafu ikiwapiga vichwani. Mguu wa kushoto, chini ya goti, ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu hauna kiungo, na mfupa ulichungulia nje, mweupe kama kijiti cha muhogo uliomenywa. Damu ilitoka kwa mapigo.

"Kanga yako, wifi. Chana!"

Priscila alichana kwa meno. Esperansia alifunga juu ya goti, akapitisha kijiti, akakisokota hadi damu ikapungua, kisha wakaunyoosha mguu na kuufunga kwa fito mbili. Wiston alipiga kelele mara moja, akanyamaza, jasho likamtoka katikati ya baridi ile.

"Maji," alisema.

Chupa yao ilikuwa imepasuka. Lipo birika la Mjerumani pale ngomeni, limechongwa kwenye mwamba, lakini ndani yake mlikuwa na ngedere aliyekufa, ameshavimba. Mawe ya mvua yalipokwisha ikabaki mvua ya kawaida, basi wakatandaza kitenge kikalowa, wakakikamua juu ya midomo ya mgonjwa. Maji yalikuwa na ladha ya rangi. Aliyanywa yote.

Simu ya Wiston ilisagika mfukoni. Za wanawake hazikushika mtandao, hata Priscila alipopanda juu ya kifusi akainua mkono. Vijana wa bodaboda waliowashusha chini ya kilima walikuwa wameahidi kurudi jioni, lakini kutoka pale juu ilionekana wazi kwamba daraja la magogo limekwenda na maji. Kijito chembamba kilichopita chini yake asubuhi kilikuwa sasa mto mwekundu, unaviringisha vigogo.

Ng'ambo ya kijito, karibu tu kwa macho, palikuwa na kitongoji. Jua la jioni lilipochomoza chini ya mawingu, waliona kila kitu: moshi, nguo zilizosahauliwa kwenye kamba, wanaume wanaezua bati lililopinda, mwanamke anafagia barafu uani.

"Tupige yowe," alisema Esperansia.

Yowe katika vilima hivi halina mjadala. Ukilisikia unaacha jembe shambani na chungu jikoni, unakimbilia linakotoka, hata kama linatoka kwa mtu mnayegombania naye mpaka. Asiyekwenda hutengwa, na siku yake ikifika hulia peke yake. Esperansia alikuwa ameitikia mayowe ya moto, ya chui, ya wezi wa ng'ombe na ya mwanamke aliyejifungulia njiani. Alisimama kwenye pengo la ukuta, akaweka viganja mdomoni, akalipiga lile refu, la kupanda na kushuka. Priscila akalidaka. Bonde likalirudisha.

Mwanamke wa ufagio aliinua kichwa. Wanaume wakashuka kutoka juu ya bati. Kisha yule mwanamke akamwokota mtoto wake, akaingia ndani, akafunga mlango. Wanaume nao wakaingia. Mlango baada ya mlango, hadi nyua zote zikabaki na kuku tu.

"Kwa nini wanaingia ndani?" Priscila aliuliza. "Wifi, wametusikia! Kwa nini wanaingia?"

Aliyejibu ni Wiston, amefumba macho. "Wanadhani ni wale."

Wale ni wabeba mawe. Hata Nyakisasa habari zao zilijulikana: kwamba waliokufa wakijenga ngome hulia jioni baada ya mvua, na anayewaitikia hubebeshwa jiwe.

"Dada," alisema Wiston, akijaribu kucheka. "Waambie Yanga imefungwa. Wafu wa Mjerumani hawaijui Yanga."

Esperansia alipiga kelele kwamba Yanga imefungwa. Akapiga kelele kwamba yeye ni Esperansia wa Nyakisasa, mtu mzima aliyebatizwa, na ndugu yake amevunjika mguu. Akataja mnara wa simu, akataja bei ya maharage, akataja kila kitu ambacho mfu wa zamani hawezi kukijua. Mlango mmoja ulifunguliwa kidogo. Ukafungwa tena. Aliita mpaka sauti ikawa mkwaruzo, kisha giza likaingia, wakamlaza Wiston katikati yao wampe joto. Fisi walifika hadi kwenye kifusi. Priscila aliwarushia mawe ya ngome.

Kulipopambazuka mguu ulikuwa mweusi kuanzia vidoleni, na unanuka. Esperansia alisema mmoja ashuke akawasihi watu, mwingine abaki.

"Msiniache humu," Wiston alisema. "Mmoja wa ukoo wetu aliachwa humu. Anatosha."

"Basi tufunge ingobyi," alisema Priscila.

Esperansia alimtazama. Ingobyi ni machela ya kubebea wagonjwa, na tangu zamani hubebwa na wanaume wanne wanaopokezana, wakiimba. Mwanamke hutembea nyuma na ndoo ya maji. Hakuwahi kumwona mwanamke ameingiza bega chini ya mti ule.

"Unajua kuifunga?"

"Mama yangu alibebwa hivyo kutoka Burundi. Nilikuwa natembea pembeni, naangalia mafundo."

Walikata mti mmoja mrefu, mbichi, wakaufunga vitenge viwili kwa mafundo ya Priscila, wakamlaza mtu wao ndani. Esperansia mbele, Priscila nyuma. Walipoinua, mti uliwazamia mabegani kama kisu butu.

"Twende kulia," alisema Esperansia. "Kushoto kuna mwamba."

"Polepole, wifi. Anagonga mawe."

Utelezi uliwaangusha mara mbili, na mara zote mbili walianguka kwa magoti ili mgonjwa asiguse chini. Wiston aliwaongoza kwa muda, akitazama juu, akiwaambia jua liko wapi. Alimwomba dada yake msamaha kwa kumleta. Esperansia akamwambia afunge mdomo, atunze mate.

Kijito kilikuwa kimepungua, lakini si sana. Waliingia kwenye mafunjo, tope likawafika mapajani, kisha maji yakawafika kifuani. Wakauhamisha mti kutoka mabegani wakauweka vichwani. Mkondo ulimvuta Esperansia. Alichomeka vidole vya miguu kwenye changarawe, akasubiri, akapiga hatua, akasubiri. Gogo lilipita likamchuna ubavu. Upande wa pili walipanda ukingo kwa kusukumana, wanahema kama ng'ombe waliotoroshwa mbali.

"Mpe maji," alisema Esperansia bila kugeuka, maana mti haukumruhusu kugeuka.

Priscila alimtazama mumewe ndani ya kitenge.

"Amelala, wifi."

Esperansia aliisikia sauti ile. Pia alikuwa amehisi mzigo: tangu ngomeni ulikuwa ukihangaika, ukivuta huku na huku, na sasa ulitulia, ukaning'inia sawasawa. Hakuuliza tena. "Muache alale basi," alisema, na wakaendelea na mwendo uleule, wala hawakuuharakisha wala kuupunguza, machozi yanashuka na hakuna aliyekuwa na mkono wa kuyafuta.

Kwenye mashamba ya kwanza ya migomba, wanaume walitoka. Mbele yao alikuwa Mzee Evaristi wa kitongoji kile, mwenye fimbo. Esperansia, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumpita mzee bila shikamoo, alimpita.

"Mama, simameni," mzee alisema, akijikongoja pembeni yake. "Jamani. Jana tulisikia. Tulidhani ni wale."

"Na wale nao mliwahi kuwaitikia?"

Vijana wawili walisogea, wakanyoosha mikono kuushika mti. "Tupeni, mama. Wanawake hawabebi ingobyi."

"Jana ndiyo tulikuwa wanawake," alisema Esperansia. "Ondoa mkono. Priscila, unaweza?"

"Naweza."

Vijana wakaondoa mikono. Wakafuata nyuma, mikono mitupu, hawajui waiweke wapi. Wanawake waliupita ule ua wenye ufagio, wakapita kwenye nyumba ya bati lililopinda, wakafika mbele ya kigango, kikanisa cha kitongoji, wakaushusha mti pamoja, kwa magoti. Walipotaka kusimama hawakuweza. Walikaa hapohapo chini, bega kwa bega. Priscila alikifunua kitenge usoni pa mumewe, akamfuta tope kwenye kope kwa kidole kilicholowa mate.

Ndipo mwanamke mmoja wa kitongoji, aitwaye Ernesta, aliposogea, akachungulia, akaona. Aliweka mikono kichwani na kupiga yowe.

Likapokewa upande wa pili wa barabara, likapokewa bondeni, likapanda mlima unaofuata. Watu walitupa majembe. Walikuja wakikimbia kutoka kila kilima, wanawake wamejifunga viuno, wazee wanahema, mpaka uwanja wa kigango ukajaa na wengine wakasimama kwenye migomba. Hakukosekana mtu.

Esperansia aliwatazama wanavyofika. Hakulia nao.