Ghorofa Kumi na Nne kwa Mkono

Ilipofika saa tisa kasorobo Jumapili hiyo, mbingu juu ya Parklands ilikuwa imegeuka rangi ya masizi, na Nasimiyu akajua kwamba wamechelewa kushuka.

Walikuwa wawili ndani ya jukwaa la chuma lililoning'inia ubavuni mwa jengo refu la ofisi, yeye na fundi Ochola, wakiosha vioo na kuziba mianya kwa silikoni kabla ya wapangaji wa kwanza kuhamia. Jukwaa lilikuwa na urefu wa hatua nane na upana wa kitanda cha mtu mmoja. Kila ncha ilishikwa na waya uliopanda hadi chuma cha paani kilichokandamizwa kwa mawe, na kila ncha ilikuwa na mota yake. Ukibonyeza kitufe, mota zote mbili huzungusha waya pamoja, jukwaa likapanda au likashuka. Umeme ukipotea, breki hujifunga zenyewe na jukwaa hubaki pale pale.

Wakati huo walikuwa ghorofa ya kumi na nne.

Nasimiyu hakupaswa kuwa huko. Wiki mbili nyuma, siku ya kufundishwa kazi ya juu, alifika ghorofa ya tano magoti yakamlegea. Alikumbatia reli akalia ateremshwe, na mjengo mzima ukasimama chini kumtazama. Tangu siku hiyo alirudishwa kuchanganya rangi na kubeba maji. Lakini Jumapili hii Jamleck, mwenzake Ochola wa kila siku, hakutokea, na Kibe msimamizi alitaka kazi iishe kabla ya Jumatatu. Alimtazama Nasimiyu kwa muda, akamwambia apande, ashike ndoo, asiguse kitu kingine chochote. Kisha akapanda gari lake akaenda zake.

Nasimiyu alipanda. Tangu asubuhi alikuwa akisikia sauti ndani yake ikimwambia kwamba huyu si yeye, kwamba mahali pake ni chini, kwamba saa yoyote ataaibika tena. Sauti hiyo haikuwa ya Kibe. Ilikuwa yake mwenyewe, yenye lafudhi yake ya Bungoma, na ilimjua vizuri.

Upepo ulitoka upande wa Ngong. Waliuona kabla ya kuusikia: miti ya Westlands ililala, mabati yakaruka, kisha minara ya katikati ya jiji ikamezwa mmoja baada ya mwingine. Ochola alinyoosha mkono kubonyeza kitufe cha kushuka. Jukwaa likateremka kidogo, likasimama. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.

Upepo ukalisukuma jukwaa mbali na ukuta kadiri ya mikono miwili, ukaliachilia. Liliporudi, mkono wa kushoto wa Ochola ulikuwa kati ya reli na ukingo wa zege. Nasimiyu alisikia mfupa ukivunjika.

Kisha mvua ya mawe ikaanza.

Ochola aliketi polepole, mgongo ukiwa kwenye reli, akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Damu ilikuwa ikitoka juu kidogo ya kiwiko, nyingi, ikichanganyika na maji ya mvua na kupita kwenye matundu ya sakafu. Nasimiyu alivua shati alilovaa chini ya ovaroli, akalichana kwa meno, akafunga juu ya jeraha na kukaza mpaka fundi akafumba macho. Akapachika mpini wa brashi ndani ya fundo akauzungusha. Damu ikapungua. Haikuisha.

Simu yake ilikuwa chini kwenye kontena la nguo. Ya Ochola ilikuwa imedondoka jukwaa lilipogonga ukuta. Alipiga mayowe kumwita Wambua, soja wa lango, lakini mvua iliyameza mayowe hayo kabla hayajafika hata ghorofa ya kumi. Akavua helmeti yake akagonga nayo kioo kilichokuwa mbele yao. Ndani aliona viti vipya vimefunikwa plastiki na zulia kavu. Aligonga mpaka helmeti ikapasuka. Kioo hakikupata hata alama.

Juu, paani, kitu kizito kilijiburuta. Waya wa kushoto ukatetemeka.

"Hayo ni mawe ya kushikilia," Ochola alisema. "Zile vyuma zimetushika, kuna mawe nyuma yake. Imeanza kusonga."

Nasimiyu aliuliza kama vyuma vitashika. Ochola akasema hajui. Akaomba maji. Chupa ilikuwa na mafunda mawili, akampa yote, yeye mwenyewe akafungua mdomo juu kupokea mvua.

Fundi alipomaliza kunywa alimweleza kile ambacho Nasimiyu alikuwa akikihofia. Kila mota ina mkono wa breki. Ukiuinua, ncha hiyo inashuka yenyewe kwa uzito wake. Ukiuachilia, inasimama. Kazi hiyo ni ya watu wawili, kila mmoja na ncha yake, wakishuka kwa pamoja. Mtu mmoja anaweza, lakini itabidi ashushe ncha hii futi moja, atembee hadi ya pili, aishushe futi moja, arudi. Isizidi futi moja. Jukwaa likiinama sana, kufuli ya usalama itauma waya na watakwama.

"Nitakuambia ukikosea," alisema. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. "Enda, nyar Bungoma," aliongeza, akimwita binti wa Bungoma kwa Kijaluo. "Mimi siwezi simama."

Nasimiyu alitambaa hadi ncha ya kulia. Aliushika mkono wa breki. Ulikuwa wa baridi, na chini yake, kupitia matundu ya sakafu, aliona ua wa jengo umegeuka bwawa la maji ya kahawia.

Hakuuinua.

Akajaribu kujiambia kwamba haogopi. Alisema kwa sauti, "Huogopi, Nasimiyu. Huogopi." Mwili wake ulijua ni uongo. Vidole viligoma kufunga. Ile sauti ya ndani ikacheka, ikamkumbusha ghorofa ya tano, ikamwuliza anadhani yeye leo ni nani.

Nyuma yake Ochola alikohoa. Nasimiyu akatazama mikono yake. Ilikuwa mikono iliyobeba maji orofa sita kila asubuhi kwa miezi minane. Mikono hiyohiyo ilikuwa imemfunga fundi jeraha sasa hivi, na fundo lilikuwa bado limeshika.

Akaanza upya.

"Unaogopa," alijiambia. "Sawa. Umefunga mkono wa fundi na ulikuwa unaogopa. Inua hii breki na uogope vilevile."

Akauinua. Waya ukalia, ncha ikashuka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi gizani, naye akauachilia. Jukwaa likasimama, limeinama kidogo. Futi moja.

"Umeshusha moja," alisema.

Akageuka, akahamisha ndoano ya mkanda wake wa usalama kwenye reli, akapita juu ya miguu ya Ochola, akafika ncha ya kushoto. Akainua. Jukwaa likanyooka.

"Mbili."

Ndivyo safari ilivyoanza. Ncha ya kulia, ncha ya kushoto. Kila mara upepo ulipokuja alijilaza sakafuni na kumshika Ochola mkanda, wakasubiri pigo la ukuta, kisha akainuka. Mvua ya mawe ilimchuna masikio. Kiganja cha kulia kilitoka lengelenge, likapasuka, akaanza kutumia cha kushoto. Na muda wote alikuwa akiongea, kwa sauti, akijiita jina lake kama mtu anayemwita dada yake ng'ambo ya mto. Hakujipa sifa asizokuwa nazo. Alijiambia yale aliyoyaona yakitendeka: Nasimiyu, hiyo ni ghorofa ya kumi na mbili, umeipita mwenyewe. Nasimiyu, mguu wako uliteleza na umerudi. Nasimiyu, unajua sasa breki ya kushoto ni nzito kuliko ya kulia, saa moja iliyopita hukujua.

Ochola alimsikia. Mwanzoni alikuwa akimwambia pole pole, au ngoja huo upepo upite. Baada ya ghorofa ya tisa alinyamaza, na kichwa chake kikaanza kuangukia kifuani. Nasimiyu alipompiga shavu alifumbua macho, akauliza kama wamefika. Akamwambia bado. Akamlegezea fundo kidogo ili damu ipite kwenye vidole, akahesabu hadi ishirini, akalikaza tena.

Kwenye ghorofa ya sita alikosea.

Alikuwa amechoka, na upepo ulikuja wakati breki iko juu. Badala ya kuiachilia, mkono wake uliikamata zaidi, kama mtu anayezama anavyokamata chochote. Ncha ya kulia ikaporomoka. Ochola akateleza kwenye sakafu iliyoloa, akasimamishwa na mkanda wake, akapiga ukelele mmoja mfupi. Kikasikika kishindo cha chuma, kisha kimya. Kufuli ilikuwa imeuma waya.

Nasimiyu aliinua breki ya kulia. Hakuna kilichotokea. Akainua tena. Jukwaa liliinama kama paa la nyumba, naye alikuwa upande wa chini, na ile sauti ilirudi bila hata kubisha. Si nilikuambia, ilisema. Ungemwacha fundi asubiri wenye kazi yao. Sasa umemuua.

Alimwita Ochola amwulize afanye nini. Ochola alikuwa akipumua, lakini hakujibu.

"Nyamaza," Nasimiyu alisema, na hakuwa akimwambia fundi. "Nimekosea hapa, nitarekebisha hapa hapa. Umeshusha ghorofa nane, Nasimiyu. Mwenye kushusha nane anaijua hii kitu. Iangalie."

Akaiangalia. Kufuli iliuma kwa sababu ncha ya kulia ilikuwa chini mno. Hangeweza kuipandisha. Lakini jukwaa lingenyooka pia kama ya kushoto ingeifuata chini. Maana yake ni kupanda mteremko huo hadi ncha ya juu na kuinua breki pale, huku kila msuli wake ukimwambia kwamba ncha hiyo ndiyo pekee iliyobaki ikiwashikilia.

Alipanda kwa magoti, akishika reli. Alipofika alijikuta analia, na akaendelea kulia huku akiushika mkono wa breki.

"Unalia. Mkono haulii. Inua."

Akainua, kidogo kidogo. Ncha ya kushoto ikashuka. Nusu futi. Futi. Futi na nusu. Jukwaa likaanza kunyooka, na upande wa kulia ukatoa mlio mdogo, tak, kama kitasa kinapofunguka. Kufuli ilikuwa imeachia.

Nasimiyu alicheka mara moja, kicheko kibaya kilichomtisha mwenyewe. Kisha akarudi kazini. Ghorofa ya tano aliipita bila kuitazama.

Kwenye ya pili, Wambua aliwaona. Alitoka kwenye kibanda chake na mwavuli, akatazama juu, akautupa. Jukwaa lilipogusa maji ya ua ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili, na mwanga ulikuwa bado upo. Nasimiyu alifungua mkanda wa Ochola kabla ya wake. Wakambeba pamoja, maji yakiwafika magotini, hadi barabarani, ambako Wambua alisimama mbele ya gari dogo jeupe mpaka likasimama. Aliyekuwa akiliendesha, mwanamke aliyejitambulisha kwa jina moja tu, Anita, hakuuliza swali. Alisogeza mikoba ya kiti cha nyuma, akawapeleka hospitali iliyokuwa mitaa mitatu kutoka hapo.

Daktari alisema fundi amepoteza damu nyingi, lakini mkono utabaki. Kama angekaa juu hadi usiku, alisema, lingekuwa jambo jingine. Nasimiyu alisafishwa viganja na kufungwa bandeji, akaketi kwenye benchi la chuma karibu na kitanda, ovaroli ikidondosha maji.

Kibe alifika saa moja na nusu, viatu mkononi. Alisimama upande wa pili wa kitanda akamtazama Ochola, aliyekuwa na sindano ya maji kwenye mkono wa kulia. Akatikisa kichwa.

"Fundi, wewe ni mwanaume," alisema. "Umeshusha hiyo kitu na mkono moja aje?"

Ochola alifumbua macho. Alikuwa karibu kujibu, na Nasimiyu akaona kwamba angemsemea. Zamani angemwacha, angetazama sakafu na kusema ni Mungu tu.

"Ni mimi nilishusha," alisema.

Kibe akamgeukia, kisha akamtazama Ochola kama anayetafuta tafsiri.

"Usimwangalie yeye, hata kupumua kunamuuma. Niangalie mimi," Nasimiyu alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa saa tatu za kuongea, lakini ilitoka. "Kumi na nne, kwa mkono. Ya sita kufuli ilishika nikaitoa. Mawe ya paani imesonga, nilisikia. Kesho hakuna mtu anapanda kabla nione hiyo mawe na macho yangu."

Kibe alisema hilo la kesho wataliongea kesho, kwamba yeye aende nyumbani Waithaka apumzike, kwamba ameshtuka.

"Nimeshtuka," Nasimiyu alikubali. "Na nitakuwa hapo saa moja asubuhi."

Ochola alicheka kitandani bila sauti, kifua kikipanda na kushuka. Muuguzi akaja kuwaambia wapunguze kelele. Kibe alivaa viatu vyake vilivyoloa, akafunga kamba taratibu kuliko ilivyohitajika, na alipoinuka alimwuliza Nasimiyu, kwa sauti ya chini, ni upande gani wa paa mawe yalikuwa yamesonga.

Akamwambia ni wa kushoto. Akamweleza yote, tangu mwanzo, naye Kibe akasimama akasikiliza.