Kadi Iliyofukizwa Jikoni

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia kwenye tanuri la mikate lililokuwa nyuma ya shule yao. Mama Mikate, mwenye tanuri, alimkatia kipande cha moto na kumwambia, "Kula polepole, mwanangu. Mkate haukimbii." Lakini wapi! Msichana huyo alikula mbio, aliandika mbio, hata kufagia alifagia mbio, na shule nzima ilimwita Chapuchapu.

Muhula huo mwalimu wa sayansi alimpa kazi ya heshima. Nchi yao ilikuwa ndogo, na ng'ambo ya bonde ilianza nchi nyingine. Upepo ukivuma, moshi ulivuka mpaka bila kuulizwa pasi. Basi serikali hizo mbili zilikubaliana kupima hewa pamoja. Shule za pande zote mbili zingetundika nje kadi nyeupe zilizopakwa mafuta mazito siku ya Jumatatu, zingezitoa Ijumaa, na masizi yaliyonata yangehesabiwa. Aliyepewa kadi ya shule yao aitundike ni Chapuchapu.

Ijumaa asubuhi, akitafuta kalamu, aliikuta kadi ndani ya mkoba, imo katika bahasha yake, nyeupe pepepe. Loo! Jumatatu alikuwa amekimbilia kuruka kamba, akasahau kabisa. Akisema ukweli, kazi itapewa mtu mwingine. Mama yake alikuwa nje anaanika nguo. Chapuchapu akaishika kadi juu ya moshi wa kuni jikoni, akahesabu mpaka mia, na kuhesabu kwenyewe kwa kurukaruka. Kadi ikawa nyeusi tii.

"Mbona unanuka moshi?" mama yake akauliza.

"Nilikuwa naota moto, mama."

Uongo wa kwanza ulikuwa haujapoa, wa pili umeshazaliwa.

Jumanne iliyofuata afisa mazingira alifika shuleni pamoja na mwenzake kutoka ng'ambo ya bonde. Walizipanga kadi za shule zote mezani, mbele ya darasa, wakazikagua kwa kioo cha kukuzia.

"Zetu zina madoa ya kijivu," alisema mgeni wa ng'ambo. "Hii yenu ni nyeusi kama tako la sufuria. Kuna moto gani hapa karibu?"

Darasa zima likageukia dirishani. Dohani ya Mama Mikate ilikuwa inafuka taratibu, haina habari. Afisa mazingira akaeleza kwa masikitiko kwamba makubaliano ya nchi hizo mbili yalikuwa wazi: moto ulio karibu na kadi ya namna hiyo lazima uzimwe mpaka ukaguliwe. Adhuhuri tanuri likazimwa. Chapuchapu aliificha mikono yake chini ya dawati.

Kesho yake asubuhi alimkuta Mama Mikate ameketi juu ya kreti, tanuri baridi nyuma yake. Alitazamia kumsikia akiwalaani maafisa. Afadhali angewalaani!

"Mjukuu wangu ana pumu, unajua," mama yule alisema. "Zahanati zote nimezunguka naye nikiuliza kinachomuumiza ni nini. Kumbe ni mimi. Nimemlisha kwa tanuri hili, na kwa tanuri hilihili nimemziba pumzi." Akajifuta macho kwa kanga, kisha akamkatia kipande. "Chukua, mwanangu. Ni cha jana, usinicheke."

Kwa mara ya kwanza Chapuchapu alitafuna polepole, maana mkate ulikataa kushuka.

Darasani mambo yakazidi. "Mpigieni makofi mwenzenu," mwalimu alisema. "Kadi yake imefichua moshi uliokuwa unatudhuru." Makofi yakapigwa, na kila kofi lilimwingia Chapuchapu kama fimbo. Akasimama, machozi yanamtiririka.

"Msipige, jamani! Sikuitundika. Niliifukiza jikoni kwetu."

Mwalimu akashusha mikono, akasema, "Afisa nitampigia simu mimi. Mama Mikate utamwambia wewe."

Alimwambia akiwa amepiga magoti, hakuficha hata neno moja. Mama Mikate alisikiliza mpaka mwisho.

"Tangu jana nashindwa kumtazama mjukuu wangu machoni," akasema.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusikia. Nitakusamehe, lakini si leo. Mimi si mwepesi kama wewe."

Kadi zote zikatundikwa upya. Safari hii Chapuchapu, aliyeachiwa kazi yake, alikagua fundo la kamba mara tatu, na kila siku alipita kuitazama kadi. Matokeo yalipotoka, ya shule yao ilikuwa na madoa machache tu. Zilizochafuka hasa, ambazo mara ya kwanza hazikuonekana kitu mbele ya kadi ile nyeusi, ni zile za chini bondeni, pande zote mbili, ambako kila nchi ilikuwa inachoma takataka zake na kumlaumu jirani. Maafisa wakakubaliana majaa yote mawili yazimwe siku moja. Tanuri likaruhusiwa kuwaka, ila dohani irefushwe.

Asubuhi tanuri lilipowaka tena, Chapuchapu alipita akiinamisha kichwa.

"Wee! Unakwenda wapi bila mkate?" Mama Mikate akaita. Alimkatia kipande, lakini hakukiachia mara moja. "Sikiliza, mwanangu. Ungenyamaza, mimi ningelia bure na majaa yangeendelea kuwaka, mjukuu wangu akiuvuta moshi huo. Watu wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ni fupi kweli, lakini imenikanyaga mimi kabla haijaisha. Siku nyingine ukisahau, sema umesahau. Kusahau ningekusamehe palepale."

"Ndiyo, Mama."

"Haya, kula."

Chapuchapu akala polepole, mpaka kengele ikalia.