Jogoo wa Kiapo

Asubuhi ile Bi Giok-lan alianika figili zake uani kama kawaida, lakini moyo ulikuwa unamchemka. Yeye na majirani walikuwa wameishtaki serikali, iliyotaka kuwanyang'anya mashamba ya mpunga ijenge viwanda. Kila walichopanga kwa siri, wakili wa serikali alikijua kabla hawajafika mahakamani. Kikulacho ki nguoni mwako. Bi Giok-lan alishaamua msaliti ni Khun-hok, jirani aliyeezeka paa jipya majuzi. Kesi ilikuwa isikilizwe kesho yake, na wakiuzwa tena, shamba aliloachiwa na marehemu mumewe ndiyo basi.

"Kama hukutuuza, njoo hekaluni uape," alimwambia mbele ya watu. "Ukate kichwa cha jogoo."

"Hilo tu, shemeji? Na supu tutakunywa?"

Hakuna aliyecheka. Pale kijijini kwao Taiwani, kiapo cha jogoo hakifanyiwi mzaha.

Jua la utosi, Khun-hok alipiga magoti mbele ya mungu wa hekalu.

"Aliyetuuza, na afuatwe!"

Panga likashuka.

Kuku aliyekatwa kichwa hukurupuka, kila mpishi anajua. Huyu hakukurupuka. Alisimama. Akajikung'uta. Akampita Khun-hok taratibu, akashika njia ya kwa Bi Giok-lan.

Mama wa watu akatangulia mbio, roho mkononi. Alikuta nyayo za damu zimeshapita kati ya figili, zimeelekea chumbani kwa Bun-hiong, mwanawe wa pekee. Ziliishia mlangoni. Jogoo mwenyewe hakuwepo.

Kijana alikuwa kitandani.

"Waliniahidi kazi kiwandani, mama," alinong'ona. "Usiwaambie."

Alimchukia mwanawe kwa pumzi moja tu. Kisha akavua aproni, akafuta sakafu.

"Kaingia kwako?" Khun-hok aliuliza kutoka uani.

"Hajaingia."

Akageuka. Nyayo zilikuwa zimerudi, mbichi. Na zilikuwa zimesogea kuelekea kitandani.

"Mama Bun-hiong, una hakika?"

"Nimesema hajaingia!"

Zikasogea tena. Bun-hiong akakunja miguu kitandani.

Kesi walishinda. Shamba lipo hadi leo, limemezwa na magugu, maana Bun-hiong walimzika wiki ileile, na mama yake hakukaa sana, akamfuata. Mke wangu, aliyekuwa jirani yao, huenda kufagia ile nyumba. Amezisugua nyayo zile kwa kila sabuni. Hazifutiki. Zimeanzia mlangoni hadi kitandani.

Wa mwisho uko juu ya mto.