Tour ya Jiwe la Papa

— Umeona coup, chérie? Weupe wanacheza, coup mbili tu, mat!

Kambale alinipigia akicheka. Kila akisafiri, huyo mchumba wangu anapanga kete za échecs, ile sataranji, anapiga picha, ananitumia nitafute hatua za kumfunga mfalme. Nikipata jibu, ananiambia mimi ndiye mwanamke wake. Na mimi mjinga nilipenda sana hiyo.

— Bado. Uko wapi?

— Bunagana, nikuambie mara ngapi? Marchandise yangu iko bloqué hapa mpakani, kwa watu wa ushuru. Samedi niko Goma, papa yangu analeta mbuzi kwenu.

Mbuzi za mahari. Mama alikuwa ameshaenda kwa majirani, anaazima sufuria za kupikia wageni wa Jumamosi hiyo.

Nikakuza picha. Mfalme mweusi kajibanza kwenye kona, pions, askari wake wadogo, mbele. Nikianza na farasi, anatoroka. Basi malkia ajitoe! Tour, ile kete ya mnara, ikimla, itamziba mfalme wake yenyewe.

Nikaitazama vizuri hiyo tour. Weh!

Haikuwa ya mbao. Ilikuwa jiwe jeusi la volcano. Papa yangu, kabla hajafa, alilichonga mwenyewe tulipopoteza tour ya kweli. Mchezo huo mzima nilimwazimisha Héritière, binti wa shangazi yangu, kule mtaa wa Lac Vert, hapa hapa Goma. Jana tu aliniambia uko chumbani mwake.

— Micheline? Umelala?

— Nimepata. Malkia G8. Tour inamukula. Farasi F7, mat.

— Ehee! Mwanamke wangu!

— Sasa na wewe nieleze. Tour ya papa yangu ilifika Bunagana namna gani?

Nyuma yake nikasikia sauti ninayoijua tangu utoto:

— Kambale, unaongea na nani?

— Mupe Héritière simu, nimusalimie.

— Chérie, ngoja nikuelezee...

— Ulinifundisha mwenyewe: kabla ya kucheza, angalia ubao wote. Mbuzi za papa yako muzipeleke huko huko. Jiwe la papa yangu munirudishie.

Nikakata. Message ikaingia: "Pardon. Ni shetani."

Kumbe shetani naye anacheza échecs! Nikafuta namba yake, nikalia mpaka kitenge kikalowa. Nilimpenda yule mwanaume, na bado nilikuwa nampenda.

Mama akaingia na sufuria kubwa kichwani, anaimba.

— Mama, samedi usipike.