Kengele ya Maji Chumvi

Kila Jumamosi, akishafagia uwanja na kuosha vyombo, Muzdalifa wa darasa la saba hukaa barazani na kompyuta ya shule mapajani. Mwalimu Haidari humwazima yeye kwa sababu ndiye pekee pale Nyamisati aliyeipenda Forth, lugha ya kompyuta ambayo unaifundisha mashine maneno madogo, kisha unayatumia kujenga neno kubwa.

Kazi yake ilikuwa kengele. Mlango wa mfereji wa shamba la bibi yake, Bibi Mwanamkuu, huachwa wazi ili maji baridi ya mto yaingie kwenye mpunga. Bahari ikisukuma chumvi juu, kifaa kilichofungwa pale hupiga kelele ili mlango ufungwe kabla miche haijaungua. Programu yake ni ya wote: yeyote anaichukua mtandaoni bure, anaisoma, anairekebisha na kuirudisha. Sharti ni moja tu, ukirekebisha uandike umejaribu vipi.

Jumatano Bibi alilalamika kwamba kengele inachelewa kulia. Muzdalifa akalibadili neno KIKOMO, yaani kimo cha maji kinachoiliza kengele, kutoka sentimita sitini hadi arobaini. Akaiuliza mashine KIKOMO ni ngapi, ikajibu arobaini. Akairudisha programu mtandaoni, akaandika kwamba amejaribu ndani ya maji. Maji gani? Hata ndoo hakuigusa. Wenzake walikuwa wanamngoja wacheze rede.

Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Saa nne asubuhi ukaingia ujumbe wa Hashimu, mkulima wa kisiwa cha ng'ambo anayetumia programu hiyo hiyo: "Nimeijaribu kwenye pipa. Maji yamefika hamsini, kengele kimya. Wewe ulijaribu kwenye maji gani?"

Ndipo alipoliona kosa. Neno KENGELE alilifundisha mwezi uliopita, likashika KIKOMO cha zamani. Kwenye Forth, neno la zamani halipati habari mpya mpaka ulifundishe tena. Alikuwa amebadili saa ya harusi bila kumwambia mpiga ngoma.

Alifikiria kukimbia peke yake, afunge mlango, anyamaze. Lakini mlango ule ni mzito, unataka watu wawili. Bibi alikuwa jikoni anamenya muhogo bila wasiwasi, akiitegemea kengele.

"Bibi, kengele haitalia," alisema. "Niliandika nimeijaribu. Sikuijaribu."

Bibi akaweka kisu chini. "Utanililia baadaye, mke mwenzangu. Sasa kimbia."

Wakakata matope mpaka magotini. Kijiti cha kupimia kilionyesha hamsini na mbili, na kengele imetulia kama bibi harusi. Wakauvuta mlango wa mbao ushuke, ukakwama kwenye tope. Hamsini na tano. Maji yakaanza kulamba mstari wa kwanza wa miche. Muzdalifa akachimbua tope kwa kucha huku analia, na Bibi akapanda juu ya ubao akaukalia kwa uzito wake wote. Ukashuka. Mstari mmoja uliungua. Shamba lililobaki likapona.

Mchana, mbele ya Mwalimu Haidari, alilifundisha upya neno KENGELE, akakizamisha kifaa kwenye pipa la maji. Kwenye arobaini ikapiga ukelele, kuku wakatawanyika. Kisha Mwalimu akamsogezea kompyuta. Muzdalifa akaandika, kwa jina lake, wote wasome: Jumatano nilidanganya, sikujaribu, chukueni hii mpya. Hashimu akajibu kwamba ameichukua, na ameijaribu.

Bibi alikuwa anajikwangua tope miguuni.

"Kukosea kupo," alisema. "Hata mimi niliolewa na babu yako. Lakini ukiandika umejaribu na hujajaribu, mwenzio anakaa na amani ya uongo, na chumvi inaingia shambani kwake. Anayefanya kazi ya watu wengi awaambie kweli, hata kama kweli yenyewe inamwaibisha."

Muzdalifa akasema amesikia.

"Haya, jaza pipa tena," Bibi akasema. "Safari hii namba nasoma mimi."